Mnaongoza mbili bila, radi inapiga: Nani apulize kipyenga?

MVUA ya saa kumi jioni ndiyo inayowavuruga watu wa mpira Bariadi. Asubuhi jua kali, saa saba mawingu yanaanza kujikusanya upande wa ziwa, saa tisa timu zinavaa jezi. Kipyenga cha kwanza kikilia tu, na tone la kwanza nalo hilo. Hapo haondoki mtu. Mashabiki wanajifunika mifuko ya nailoni, wengine wanajibanza chini ya mwembe, na lazima awepo mmoja wa kupiga kelele kwamba mpira wenyewe ndiyo kwanza unanoga.

Na kwa kweli unanoga. Beki aliyekuwa anajifanya fundi anateleza, kipa anaudaka mpira unamponyoka kama kambare, winga anapiga chenga na kujikuta amebaki yeye, mpira umenasa kwenye dimbwi nyuma yake. Anayesema mpira wa mvua si mpira hajawahi kukaa pembeni ya uwanja wa shule siku ya fainali ya ng'ombe.

Kwa asiyeijua Simiyu, habari ya kwanza ni udongo. Kuanzia Binza hadi Bariadi mjini utakuta aina mbili kubwa. Upo wa kichanga, ambao Wasukuma wanauita luseni. Huo unakunywa maji haraka, mvua ikikatika unacheza. Halafu upo wa mbuga, ule mweusi tii. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mpira wa watoto unaweza kuzama. Masika unavimba, unanata, na njumu zinakuwa nzito kana kwamba umefungwa tofali kila mguu. Udongo huohuo ndio unaoufanya mkoa uongoze kwa pamba nchini, kwa hiyo hakuna wa kuulaumu. Ila kama kijiji kina nafasi ya kuchagua wapi pa kuchimbia magoli, wazee wanajua: panda kwenye kichanga, mbuga waachie majaruba.

Kwenye matope, ufundi unabadilika. Pasi ya chini inakufa njiani. Mwenye akili anapiga mpira wa juu nyuma ya mabeki, anapiga mashuti ya mbali kipa ahangaike na mpira wenye utelezi, na hambebeshi kiungo wake mzigo wa kukokota. Wajerumani walilijua hilo mapema. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 pale Bern ilichezwa kwenye mvua, na fundi wao wa viatu Adi Dassler alikuwa na njumu ambazo meno yake yanafunguliwa na kufungwa mengine marefu. Hungary waliotangulia kwa mabao mawili wakafa 3-2. Miaka 20 baadaye, Julai 3, 1974, kule Frankfurt, zimamoto waliitwa kunyonya maji uwanjani kabla ya Ujerumani Magharibi kucheza na Poland. Poland walikuwa na timu yenye mbio, lakini mbio gani kwenye dimbwi? Gerd Müller akamaliza kazi, 1-0.

Hapa nyumbani hatuko mbali na hayo. Aprili 2024, mwaka ule wa mvua zisizokoma, mechi ya JKT Tanzania na Yanga pale Meja Jenerali Isamuhyo iliahirishwa kwa sababu uwanja ulijaa maji. Ikapigwa siku iliyofuata, ikaisha 0-0. Kipimo cha waamuzi kwenye hali kama ile hakihitaji mashine. Unaudondosha mpira sehemu mbalimbali za uwanja, ukidunda, twende, ukilala kama kiazi, mechi hakuna.

Kwa hiyo maji tunayajua, na matope tunayajua. Kinachonitia wasiwasi ni kile kinachokuja pamoja nayo.

RADI SI MVUA

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi. Ziwa Victoria linatoa mvuke, nchi kavu inachemka tangu asubuhi, na mchana unapogeuka jioni mawingu yanakuwa yameshaiva. Yaani saa ileile tunayoanzia mpira.

Watu wa kanda hii hawahitaji kusimuliwa. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi wa shule moja ya msingi mkoani Geita. Januari 2025, mkoa huohuo, wilayani Bukombe, wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda walipoteza maisha. Na hao walikuwa shuleni, si katikati ya uwanja mtupu ambako kitu kirefu kuliko vyote ni wewe na goli.

Wa uwanjani wapo pia. Oktoba 1998, kule Kasai nchini Kongo, taarifa zilieleza kwamba radi moja iliwaua wachezaji 11 wa timu moja, mechi ikiwa 1-1. Timu nyingine haikuguswa. Unaweza kukisia kilichofuata: uchawi, uchawi, uchawi. Hata kwetu, radi ikianguka karibu na uwanja wa ndondo, swali la kwanza ni nani kaituma. Mimi nasema hivi: hata kama unaamini inatumwa, huyo aliyeituma anahitaji uwe umesimama uwanjani. Umeme wa radi ukifika ardhini hausimami pale ulipoangukia. Unasambaa, na udongo uliolowa unausaidia kusafiri, ndiyo maana pigo moja linaweza kuangusha watu wengi kwa mara moja. Novemba 2024 kule Peru mwamuzi alikuwa ameshasimamisha mechi na wachezaji wanatembea kutoka nje, radi ikaua mmoja. Alisimamisha, ila muda ulikuwa umeshakwenda.

Wakubwa wa dunia wanafanyaje? Mliona wenyewe kwenye Kombe la Dunia la Klabu 2025 Marekani. Juni 17 Mamelodi Sundowns waliambiwa warudi vyumbani kule Orlando, wakasubiri zaidi ya saa moja ndipo wakacheza na Ulsan na kushinda 1-0. Siku 11 baadaye Chelsea walikuwa wanaongoza 1-0 dhidi ya Benfica, dakika ya 86, mechi ikasimama karibu saa mbili. Waliporudi, Benfica wakasawazisha kwa penalti ya Ángel Di María, na Chelsea wakalazimika kushinda 4-1 kwenye muda wa nyongeza. Kocha Enzo Maresca alilalamika kwamba huo si mpira. Waliokuwa kwenye vibanda umiza huku kwetu, wametoka saa tisa na nusu usiku imepita, walilalamika kuliko yeye.

Kanuni ya kule ni rahisi. Radi ikionekana ndani ya kilomita kama 13, wote ndani. Ikipiga tena, mnaanza kuhesabu upya dakika 30. Haiangalii nani anaongoza.

Kuna mchezo mwingine wa hukohuko ambao mashabiki wa soka wanaweza kuucheka, wa kurusha kisahani cha plastiki mpaka kitue kwenye kikapu cha minyororo kilichowekwa kwenye nguzo ya chuma. Wanauita diski gofu, na chama chake cha kulipwa kipo tangu 1976. Mvua kwao si sababu ya kuacha. Wanabeba taulo, wanafuta kisahani kisiteleze, na aliyeangukia kwenye dimbwi anaruhusiwa kurudi nyuma kidogo bila adhabu. Lakini radi ikianza, mchezaji anaweza kuacha hata kabla ya ishara kutolewa, halafu mkurugenzi wa mashindano ndiye anayeamua kama alikuwa na sababu. Nikilinganisha na kwetu nacheka kwa uchungu. Mchezaji wa ndondo akitoka uwanjani kwa kuogopa radi ataitwa mwoga mpaka ajukuu.

NG'OMBE YUKO KAMBANI

Shida yetu si kwamba hatujui radi inaua. Shida ni hesabu.

Fikiria fainali. Ng'ombe kafungwa pale kwenye mti, kila mtu anamwona. Timu moja inaongoza 2-0, dakika ya 70, mawingu yamekuwa meusi na ngurumo ya kwanza imesikika. Refa ni mwalimu wa shule ya jirani, au mchezaji wa zamani aliyeombwa tu, na njia atakayorudia nyumbani ni ileile ya mashabiki. Akisimamisha mechi, wanaoongoza wanamvaa: umenunuliwa, unataka mechi irudiwe. Akiendelea, wanaofungwa wananyamaza, maana bado wana dakika 20 za kutafuta. Hakuna upande wenye faida ya kutoka. Basi watu 22 wanabaki nje.

Na wanaoongoza hawana hofu ya bure. Sheria ya 7 ya soka inasema mechi iliyovunjika inarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waseme vinginevyo. Bila kanuni, mabao yenu mawili yanafutika na mvua. Kwa familia ya Kisukuma ng'ombe si kikombe cha kuweka kabatini, ni mali. Nani atakubali?

Lakini soma tena maneno ya mwisho: isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vinginevyo. Mlango uko wazi, na hauhitaji hela ya mfadhili. Kabla ya droo, viongozi wa timu wakikaa, iandikwe kwenye karatasi na wote watie saini: mechi ikisimama kwa radi, inaendelea kutoka dakika ileile, kwa matokeo yaleyale, na wachezaji walewale. Giza likiingia, inamaliziwa kesho yake. Ng'ombe analala kwa mwenyekiti wa kijiji. Hapo anayeongoza 2-0 hana cha kupoteza akikimbilia ndani, na refa hana cha kuogopa njiani.

Wakubwa wanaishi na hilo. Mei 14, 2000, siku ya mwisho ya ligi ya Italia, Pierluigi Collina aliwaweka Juventus na Perugia ndani zaidi ya saa moja baada ya mapumziko kwa sababu ya mvua, mwenyewe akitoka na mwavuli kudundisha mpira kwenye maji. Waliporudi Perugia wakapata bao moja, Juventus wakapoteza ubingwa kwa Lazio kwa tofauti ya pointi moja. Walilia, lakini mechi iliendelea pale ilipoishia na matokeo yakabaki.

Refa naye ajue kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya 5 inamkinga: hawezi kubebeshwa mzigo kwa uamuzi wake kuhusu kama hali ya hewa au uwanja unaruhusu mechi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaijua ile ya kuotea tu.

Kipimo chenyewe hakihitaji simu wala intaneti. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike, gawa kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Ikifika hapo au pungufu, kipyenga. Dakika 30 zihesabiwe tangu ngurumo ya mwisho, si tangu mvua ikatike, kwa sababu radi inaweza kupiga hata mahali ambapo hapanyeshi. Mashabiki watoke chini ya ule mwembe, hapo ndipo pabaya kuliko pote. Wachezaji wasishike nguzo za goli, hasa za chuma. Gari lililofungwa vioo ni salama, jengo imara ni bora kuliko kibanda kilicho wazi, na yaliyotokea Geita yanaonyesha kwamba hata madarasa yanahitaji vizuia radi.

Vuli inaanza Oktoba, na fainali nyingi zilizopangwa baada ya mavuno huwa zinasogezwa mpaka zinaikuta. Kazi ya kuhesabu sekunde apewe mwamuzi wa akiba. Pale uwanjani ndiye peke yake mwenye saa mkononi na asiyekimbia.