Je, glavu ulizovaa zinamkinga nani?

Msomaji, ukipita Moi's Bridge msimu wa mavuno, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, utawaona wapakiaji wa magunia wamejaa vumbi la mahindi utosini hadi unyayoni. Huenda hujui kwamba mahindi yaliwahi kuingia hata katika chumba cha upasuaji. Ule unga mweupe uliotiwa ndani ya glavu ili mkono uingie kwa urahisi ulikuwa wanga wa mahindi. Baadaye ilibainika kwamba unga huo hupeperusha chembe za mpira na kuwasababishia wengine matatizo ya kupumua, nao ukiingia ndani ya mwili wa mgonjwa huweza kuleta uvimbe na kovu. Marekani ilipiga marufuku glavu za aina hiyo kuanzia Januari 2017.

Glavu za upasuaji zenyewe zilianza kwa ajili ya kumkinga mhudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 huko Baltimore, Marekani, Dkt William Halsted aliagiza glavu za mpira kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye mikono yake iliharibiwa na dawa ya zebaki ya kuulia viini. Mwaka wa 1890 wawili hao walioana!

Leo glavu za kutumia mara moja zimejaa kila mahali, na hapo ndipo taabu inapoanza. Bila shaka umemwona muuza nyama aliyevaa glavu akikata maini, akipokea noti, akijikuna shingo, kisha akirudi kwenye nyama. Huyo anakinga mkono wake tu. Hatari ni kubwa zaidi pale mhudumu anapotoka kwa mama mmoja anayejifungua hadi kwa mwingine na glavu zile zile, au anapoziosha ili azitumie tena. Kila mgonjwa na jozi yake, na mikono inawwe kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua, kwani glavu huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho.

Wala glavu haizuii sindano. Ukidungwa na sindano iliyotumiwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji, usikamue, kisha nenda hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zapasa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, nayo, hupatikana mapema kabla ya ajali.

Na wewe mkulima unayechanganya dawa ya kuulia fukusi au ya kunyunyizia shambani, usidanganyike na glavu nyembamba za hospitali. Dawa nyingine hupenya mpira huo. Tafuta glavu nene za naitrili, zinazofunika kifundo cha mkono, na usome maagizo kwenye chupa.

Kuzivua pia kuna namna yake. Shika ya kwanza kwa nje karibu na kifundo, ivute ijigeuze ndani nje, uikunje kwenye kiganja cha pili. Kisha ingiza kidole kitupu ndani ya hiyo ya pili, uivute iifunike ya kwanza.

Ukiona mikono inawasha au kuvimba kila uvaapo za mpira, mwambie daktari, hasa kama unangojea kupasuliwa.