Pumu ya Ngozi na Matunzo Yake

Zamani katika darasa langu alikuwako mtoto mmoja wa kiume, hodari sana wa hesabu. Lakini ndani ya viwiko vyake na nyuma ya magoti yake ngozi ilikuwa nene na nyeusi kuliko mahali pengine mwilini, tena imejaa mikwaruzo ya kucha. Usiku hakulala vema kwa sababu ya kujikuna, na mchana alisinzia. Wenziwe wakanong'ona, wakasema, "Huyu ana upele. Tukikaa naye atatuambukiza." Nami kwa kutojua nalimweka peke yake katika benchi la nyuma. Juma lile lile akaacha kuja shule. Jambo hili sijalisahau, nami nawaandikia habari hizi ili msikose kama nilivyokosa mimi.

Mtoto yule hakuwa na upele. Alikuwa na ugonjwa uitwao pumu ya ngozi. Upele huletwa na mdudu mdogo sana achimbaye katika ngozi, hasa kati ya vidole, na mara nyingi watu wa nyumba nzima hujikuna pamoja. Choa nacho huletwa na kuvu, na alama yake ni duara yenye ukingo ulioinuka. Magonjwa hayo mawili huambukiza. Lakini pumu ya ngozi haiambukizi hata kidogo. Waweza kumshika mkono mwenye ugonjwa huu, kula naye na kulala naye kitanda kimoja, usiupate.

Basi ugonjwa huu watoka wapi? Fikirini ukuta wa matofali. Kama udongo uliounga matofali ni mzuri, mvua haipiti. Ukipukutika, mvua huingia, na joto la ndani hutoka. Ngozi ya mwanadamu ni mfano wa ukuta huo. Kwa mwenye pumu ya ngozi kiungo cha ukuta ni dhaifu: maji ya mwili hutoka, ngozi hukauka, na vumbi, sabuni kali na vijidudu hupata njia ya kuingia. Ndipo mwili hukasirika, na ngozi huwasha. Mwaka 2006 wataalamu wa mji wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi kasoro katika kutengeneza filagrini, kitu kisaidiacho kuiimarisha ngozi. Kwa hiyo ugonjwa huu huandama jamaa, na mara nyingi katika jamaa hiyo wako pia wenye pumu ya kifua. Si uchawi, wala si laana, wala si uchafu wa mama.

Kujikuna hupoza kwa kitambo kidogo tu. Kucha huubomoa ukuta zaidi, na mwasho huzidi. Mwasho ukizidi, mtu hujikuna tena. Kazi ya matunzo ni kukata mzunguko huo.

Matunzo ya kwanza ni mafuta. Mgonjwa na aoge upesi kwa maji ya uvuguvugu, wala asijisugue kwa dodoki wala kwa sabuni kali. Akiisha, ajikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini, na kabla ngozi haijakauka kabisa apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, yale ya mgando yauzwayo madukani. Afanye hivyo kila siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Kucha zake zikatwe fupi, na nguo zake ziwe za pamba, maana sufu huwasha.

Matunzo ya pili ni dawa ya hospitali. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Sulzberger na Witten, walieleza jinsi marhamu ya haidrokotisoni ilivyotuliza ngozi ya wagonjwa. Tangu hapo dawa za jamii hiyo zimekuwa msaada mkubwa. Dawa iliyominywa kutoka katika mrija, yenye urefu wa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kiungo cha kwanza, yatosha kupaka mahali penye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima. Lakini dawa hizi zina nguvu mbalimbali, nazo zataka kutumiwa kama daktari alivyoagiza. Dawa kali ikipakwa usoni, au ikipakwa muda mrefu pasipo sababu, huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta michirizi. Wako watu wapakao dawa hizo ili wawe weupe, hao hujidhuru. Tena ukiipaka juu ya choa, choa huenea.

Je, dawa za nyumbani zafaa? Baadhi zafaa, na baadhi zadhuru. Mafuta safi ya nazi yamejaribiwa kwa wagonjwa huko Ufilipino, nayo yalionekana kulainisha ngozi na kupunguza vijidudu. Mafuta ya zeituni, ijapokuwa yasifiwa sana, yalionekana katika majaribio ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka 2013 kuudhoofisha ule ukuta wa ngozi. Majani ya mwarobaini yaweza kuichoma ngozi iliyopasuka, na kumnywesha mtoto mdogo mafuta yake ni hatari. Jihadharini zaidi na marhamu isiyo na jina iuzwayo kuwa ni ya mitishamba mitupu. Mwaka 1999 madaktari wa London walitangaza kwamba walipima marhamu 11 za mitishamba ya Kichina, na katika 8 waliona deksamethasoni, dawa kali ya hospitali iliyotiwa kwa siri. Wala msimnyime mtoto maziwa au mayai kwa kudhani tu. Kwanza daktari aulizwe, asije akakonda bure.

Ngozi ikitoa usaha, au mtoto akishikwa na homa, au malengelenge mengi yenye maumivu yakitokea ghafula, apelekwe hospitali siku ile ile. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na watu kutoka nchi nyingi za Afrika wamejifunza kazi hii huko.

Hakuna dawa iondoayo ugonjwa huu mara moja milele. Lakini watoto wengi hupata nafuu kadiri wakuavyo, na anayetunzwa vema huweza kulala, kucheza na kusoma kama wenziwe.

Mtoto yule nalimfuata kwao baada ya kuelezwa na daktari. Nalimwomba radhi mbele ya baba yake, na aliporudi shuleni nalisema kosa langu mbele ya darasa zima, nikamketisha mbele. Mnajua habari za Ayubu, aliyejikuna kwa kigae katika majivu. Rafiki zake walipoketi naye kimya walimfaa. Walipoanza kumhukumu walimwongezea huzuni. Basi mkimwona mwenzenu ajikunaye, msimhukumu. Keti karibu naye.

MASWALI

1. Pumu ya ngozi yatofautianaje na upele na choa?
2. Kwa nini kujikuna huzidisha mwasho?
3. Mafuta hupakwa wakati gani, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini si vema kununua marhamu isiyo na jina?