ULIYEONA, NENDA NA MGONJWA

Mtu mzima ameanguka shambani. Mwili umekakamaa, mikono na miguu inarukaruka, povu linamtoka mdomoni. Watu wamekimbia. Wengine wanasema amerogwa. Kesho yake anapelekwa zahanati na shemeji yake ambaye hakuwapo. Mganga wa zahanati anauliza, "Ilikuwaje?" Mgonjwa hajui. Shemeji hajui. Sasa je, mganga atajuaje?

Kifafa hakionekani katika kipimo cha damu. Hospitali kubwa zina mashine ya kupima umeme wa ubongo, lakini hata mashine hiyo huweza kusema hakuna kitu, kumbe mtu anacho kifafa. Daktari hutegemea sana macho ya aliyeona.

Basi wewe uliyekuwapo, usikimbie. Tazama. Je, mkono mmoja ndio ulioanza kutetemeka, au mwili wote mara moja? Kichwa kiligeukia upande gani? Alijiuma ulimi? Alijikojolea? Ilichukua dakika ngapi? Na alipoamka, alikujua, au alikaa muda mrefu kama mlevi? Hili la mwisho ni kubwa. Mtu aliyezimia kwa jua au njaa mara nyingi huona kizunguzungu kwanza, hulegea, na akishalala chini fahamu humrudia upesi. Wa kifafa huchelewa.

Huku unatazama, sogeza mawe na moto, kisha mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Povu lile ni mate tu, haliambukizi mtu. Zikipita dakika 5 hajatulia, tafuteni usafiri.

Mtu akianza kuanguka ukubwani, lazima chanzo kitafutwe. Pengine aliumia kichwa zamani, pengine ni pombe, malaria kali au kiharusi. Lakini kiko chanzo kingine ambacho wengi wetu hatukifikirii: tegu la nguruwe. Huko Mbulu na Mbozi watafiti wamelikuta kwa wagonjwa wa kifafa.

Mambo huenda hivi. Mtu hula nyama ya nguruwe isiyoiva, tegu likakua tumboni mwake. Akijisaidia porini, mayai ya tegu hutoka na choo. Mayai hayo yakifika kwenye mboga, maji au mikono, mwingine huyameza. Vijidudu husafiri na damu mpaka kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kabisa nguruwe anaweza kuugua, kwa sababu ya choo cha jirani! Basi mwambieni daktari kama kijijini mnafuga nguruwe wanaozurura, na kama vyoo vipo.

Dawa ya kifafa ipo. Huko Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa mwaka 1960, na wagonjwa waliokuwa wakitengwa wakatibiwa. Vidonge vya fenobabitoni humezwa kila siku, hata mtu akijiona mzima. Akiviacha ghafla, anaweza kuanguka mfululizo na kufa.