Masjala Ndani ya Kompyuta

Mwanakijiji wa Murangi, wilayani Musoma, apatapo hatimiliki ya kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, huwekewa kumbukumbu yake pia katika masjala ya kijiji na ya wilaya, kwa kuwa haki ya shamba haifai kutegemea sanduku la mtu mmoja, ambalo moto, mchwa au mvua yaweza kuliharibu. Siku hizi nyaraka za namna hiyo zikishapigwa picha na kutiwa katika kompyuta, wengi hudhani taabu ya nafasi imekwisha. Dhana hiyo yaniogopesha.

Kanzidata, yaani programu ipangayo habari katika majedwali, huyaweka majedwali hayo katika nafasi maalumu zilizotengwa, na kila nafasi hukaa katika faili moja au zaidi juu ya diski, mithili ya ghala lenye vyumba ambavyo kila kimoja kina ukomo wake. Katika kanzidata ya Oracle, vipande vya hifadhi vikiwa vya kilobaiti 8, faili la kawaida haliwezi kuzidi gigabaiti 32 hivi; likijaa, na msimamizi asiwe ameongeza jingine, mfumo hukataa waraka mpya ijapokuwa diski yenyewe ina nafasi tele. Tukikadiria picha ya ukurasa kuwa kilobaiti 500, faili hilo hutoshea kurasa zaidi kidogo ya 60,000, na wilaya yenye vijiji vingi haikawii kuzifikisha.

Tadbiri iliyo bora ni kutenganisha. Jina la mmiliki, kijiji, namba na tarehe ni habari nyepesi zitafutwazo kila saa, nazo zastahili diski ya kasi. Picha ni nzito, na aghalabu hazitazamwi mpaka uzuke mgogoro wa mpaka, basi zikae katika nafasi yake mbali. Nafasi za miaka iliyokwisha kufungwa zifanywe za kusomwa tu, kwani kisichobadilika chatosha kunakiliwa mara moja na kuhakikiwa. Na nyaraka ambazo sheria yaamuru ziteketezwe baada ya muda fulani zikae pamoja kwa kufuata muda wake, ili ziondolewe zote kwa mara moja, maana kufuta safu moja moja aghalabu hakuirudishii diski nafasi yake. Pengo hubaki ndani ya faili.

Nyaraka za utawala wa Kijerumani, zilizohifadhiwa Dar es Salaam na kuingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, zasomeka hata leo kwa sababu palikuwa na watunzaji. Mtunzaji wa kanzidata ana dhima iyo hiyo: apime kila mwezi nafasi iliyoliwa, ajaribu kurejesha nakala rudufu badala ya kuiamini tu, na apeleke ombi la diski kabla bajeti haijafungwa, maadamu mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na wenye hati mpya hufika dirishani mwaka mzima.