Ukurasa Mmoja kwa Siku: Ninavyoandika Skripti

Wanachuo wenzangu huniuliza, "Hivi wewe skripti unaandika saa ngapi, na UE hizi?" Jibu ni fupi: saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya bafuni hosteli haijaanza. Naandika ukurasa mmoja, basi. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo ukishikilia hapo miezi mitatu unayo filamu ya dakika 90. Mbovu itakuwa, ila itakuwepo.

Kanuni ya pili: andika kinachoonekana na kinachosikika tu. Mwandishi wa riwaya anaingia kichwani mwa mhusika, kamera haiingii. Ndiyo maana Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ilibidi iandikwe upya kama skripti kabla Amil Shivji hajaitoa kama filamu mwaka 2021.

Kanuni hii ilinikwamisha. Skripti yangu inahusu Benaco, Ngara, mwaka 1994, pale watu takriban 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Mama alikuwa na miaka 13. Niliandika: "Bibi anawaza maisha yalivyobadilika." Sasa hapo kamera inapiga nini?

Likizo nikarudi nyumbani. Ndani ya basi, kati ya Biharamulo na Lusahunga, nilijaza kurasa nne za maneno ya abiria. Mazungumzo mazuri huokotwa, hayatungwi. Nyumbani nikamuuliza mama. Hakuzungumzia umati, alizungumzia kuni. Miti iliisha, wakawa wanatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja. Usiku huohuo nikaandika:

NDANI. JIKONI – JIONI. Bibi anavunja kiti cha marehemu babu, anakitia motoni.

Nikajiona fundi. Nikamsomea mama. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, kile kiti hatukukivunja. Umekikalia."

Nikajitetea kwamba filamu ni kubuni.

"Buni, ila siyo kwa bibi yako. Sisi tuliomba kuni kwa jirani, naye alikuwa nazo tatu."

Nilikasirika, nikafuta. Alfajiri nikaandika jirani ameshika kuni tatu. Anatoa moja, anairudisha, anachagua nyembamba zaidi, halafu anampa Bibi ile nene. Hakuna anayesema kitu. Kiti kilikuwa kinamwambia mtazamaji ahuzunike. Kuni tatu zinamfanya asubiri aone mtu ataamua nini. Hapo ndipo nilipoelewa tukio ni nini.

Basi utaratibu wangu sasa ni huu: asubuhi ukurasa mmoja, jioni namsomea rumeti kwa sauti, akipiga miayo nakata. Na nikimaliza, namsomea mwenye kisa kabla ya mtu wa kamera.

Nipo ukurasa wa 41. Kiti bado kipo.