Taa za magari mchana: faida, kasoro na nafasi yake katika barabara za Uganda

Gari linapopita likiwa limewasha taa jua likiwa utosini, wapita njia wengi humwashiria dereva kwa mkono kwamba amesahau kuzizima. Mara nyingi dereva huyo hajasahau. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana taa maalumu za mbele zinazojiwasha zenyewe injini inapowaka.

Taa hizo za mchana hazikuundwa kumwezesha dereva kuona barabara, bali kumwezesha aonekane na wengine. Kwa sababu hiyo mwanga wake ni mdogo kuliko ule wa taa kuu. Kanuni za kimataifa zinazosimamiwa na Umoja wa Mataifa zinataka kila taa iwe na nguvu isiyozidi kandela 1,200, ili isiwaumize macho wanaokuja upande wa pili.

Zilianzia nchi za kaskazini

Desturi hii ilianzia katika nchi ambazo wakati wa baridi mchana wake ni mfupi na mwanga wake hafifu. Finland ilianza mwaka 1972 kwa barabara za nje ya miji katika majira ya baridi, na Sweden ikazifanya taa kuwa za lazima mwaka mzima kuanzia 1977. Kanada ilizidai katika magari mapya mwishoni mwa 1989. Umoja wa Ulaya ulifuata Februari 2011 kwa aina mpya za magari madogo, kisha Agosti 2012 kwa malori na mabasi.

Faida inayotajwa zaidi ni kupungua kwa ajali za uso kwa uso na za makutano ya barabara. Gari lenye taa hutambuliwa likiwa mbali, na dereva anayetaka kulipita lililo mbele yake hupima vyema umbali na mwendo wa linalokuja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba magari yanayowasha taa hupunguza kwa asilimia 10 hadi 15 ajali za mchana zinazohusisha zaidi ya chombo kimoja.

Je, zinafaa penye jua kali?

Wapo wanaosema kwamba taa hizo ni za nchi za ukungu na theluji, wala hazina maana karibu na ikweta. Mfano wa Malaysia unaipunguzia nguvu hoja hiyo. Nchi hiyo, iliyo jirani na ikweta kama Uganda, iliwataka waendesha pikipiki kuwasha taa mchana kuanzia mwaka 1992. Utafiti uliofanywa baadaye katika maeneo ya majaribio ulionyesha kwamba ajali zilizotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. India nayo, tangu Aprili 2017, inataka pikipiki mpya ziwe na taa inayowaka muda wote injini inapofanya kazi.

Mfano huo una uzito kwa nchi yenye bodaboda nyingi kama Uganda. Pikipiki ni nyembamba. Dereva anayeingia barabara kuu huweza kuitazama asiione, hasa ikiwa nyuma yake kuna lori. Aidha, jua si kali kila mahali. Barabara ya Kampala kwenda Jinja hupita katika kivuli cha msitu wa Mabira, milima ya Kabale hufunikwa na ukungu asubuhi, na barabara za changarawe hujaa vumbi wakati wa kiangazi.

Kasoro zake

Kasoro ya kwanza ni usalama wa uongo. Katika magari mengi, taa za mchana huwaka mbele tu. Mvua kubwa ikinyesha, dereva huona mwanga mbele yake akadhani taa zote zinawaka, kumbe nyuma hakuna hata moja. Karibu na ikweta hatari hii huongezeka jioni, kwa kuwa jua likishatua giza huingia upesi.

Pili, magari yote yakiwaka, asiye na taa huweza kufifia machoni pa madereva: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, na hata pikipiki iliyozoea kutambulika kwa taa yake. Hofu hiyo ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa Austria, nchi iliyoamuru taa ziwashwe mchana Novemba 2005, kisha ikaifuta amri hiyo Januari 2008. Marekani nayo huziruhusu bila kuzilazimisha. Utafiti wa serikali yake wa mwaka 2008 haukupata upungufu wa ajali ulio dhahiri kitakwimu kwa ujumla.

Tatu ni gharama. Balbu ya kawaida ya taa kuu hutumia wati 55, na huchakaa mapema ikiwaka kutwa. Taa za LED zimepunguza sana mzigo huo.

Hali ya magari yaliyopo

Magari mengi nchini Uganda huagizwa yakiwa yametumika Japani. Sheria ya Uganda huruhusu kuingiza gari ambalo halijapita miaka 15 tangu kuundwa. Hivyo magari mengi yaliyopo barabarani hayana taa hizo.

Dereva wa gari la namna hiyo anaweza kuwasha taa kuu zikiwa zimeinamishwa, jambo linalowasha na zile za nyuma. Taa zilizoinuliwa hazifai, kwani humpofusha anayekuja. Kwa mwenye gari lenye taa za mchana, swichi bado ni jukumu lake: mvua ikianza, ukungu ukishuka au jua likikaribia kutua, awashe taa kuu kwa mkono wake. Na kwa wa bodaboda, taa ya mbele iliyo nzima ni kinga yenye gharama ndogo, usiku na mchana.