Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Hamisha Ruta



Tunapotembelea familia za jumuiya zetu wakati wa likizo, baada ya sala na chai swali hurudi lilelile: "Frateri, ninyi vijana mnayajua haya, hebu tuangalizie Wi-Fi. Tunalipa kila mwezi, lakini chumbani haifiki." Mara nyingi familia imeshaamua kupandisha kifurushi. Bibi asiyeweza tena kutembea hadi kanisani analala chumba cha nyuma, na Misa anayoifuata kwenye simu huganda kabla ya Injili. Binti wa kidato cha sita anakaa barazani usiku na mbu, kwa sababu ndani hapakui chochote. Katika nyumba nyingi za namna hiyo pesa ya ziada haitamfikia bibi wala binti. Tueleze kwa nini.

Kwanza tutofautishe. Intaneti ya nyumbani hupita njia mbili, na kila njia ina ugonjwa wake. Ya kwanza hutoka kwa kampuni hadi kwenye ruta: kwa waya wa faiba, au kwa mawimbi ya mnara wa simu kama ruta yako inatumia laini. Ya pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako, na hiyo ndiyo Wi-Fi. Alama ya Wi-Fi kwenye kioo cha simu hupima njia ya pili tu. Ndiyo maana inaweza kuwa imejaa na bado ukurasa usifunguke: simu inaisikia ruta vizuri, ila ruta yenyewe haina cha kuleta. Kifurushi kikubwa huongeza uwezo wa njia ya kwanza. Njia ya pili hakiisogezi hata hatua moja.

Kujua mgonjwa ni njia ipi, simu moja inatosha. Simama mita 1 au 2 kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa programu yoyote ya kupimia, andika namba. Nenda kwenye chumba kinacholalamikiwa, pima tena kwa simu ileile. Kama karibu na ruta umepata megabiti 20 kwa sekunde na chumbani 1, tatizo liko ndani ya nyumba. Kama pote ni 1, tatizo liko kwenye njia ya kwanza. Rudia mchana na saa 2 usiku, maana usiku mtaa mzima unaweza kuwa unagombania mnara mmoja. Katika somo la mantiki tunaonywa tusidhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Mzee anayezima ruta na kuiwasha saa 5 usiku, ikapona kwa sababu majirani wamelala, ana hakika kabisa kwamba ameitibu.

Sasa tuangalie njia ya pili. Wi-Fi ni mawimbi ya redio, ya ukoo mmoja na yale aliyoyatumia Guglielmo Marconi alipojenga Radio Vatikani, iliyozinduliwa na Papa Pius XI tarehe 12 Februari 1931. Lakini Radio Vatikani ilikusudiwa kuvuka bahari. Ruta ya kawaida hutoa nguvu ya kama sehemu ya kumi ya wati moja, na hiyo nayo hutawanyika: hata mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia ni robo.

Kisha kuna kuta. Mbao na dari ya jipsamu huyapitisha mawimbi kwa urahisi. Tofali la saruji hula sehemu kubwa, na zege lenye nondo hula zaidi. Bati, geti, friji na kila bamba la chuma huyarudisha yalikotoka, na hata kioo kikubwa cha kujitazamia hufanya hivyo, kwa sababu nyuma yake kuna utando wa madini. Maji huyameza, kwa hiyo tangi lililo kati ya ruta na chumba ni ukuta mwingine. Hata ukuta wa kawaida huwa mnene zaidi ukivukwa kwa mshazari, kama vile kuvuka barabara kwa pembe kunavyoongeza hatua. Nyumba za mapadre zilizojengwa na wamisionari kwa mawe zina ubaridi wa kupendeza, na kwa Wi-Fi ni mtihani.

Sebuleni kwetu ruta huwekwa wapi? Ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa hakizuii mawimbi, ila kinahifadhi joto, na ruta iliyopata joto sana hupungua kasi au hujizima. Televisheni, yenye vyuma ndani yake, ndiyo kizuizi. Itoe hapo. Iweke juu ya rafu, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Ukumbini penye milango ya vyumba mara nyingi ni bora kuliko sebuleni. Antena zake zikiwa wima, mawimbi huenea zaidi pembeni kuliko juu na chini. Katika nyumba ya ghorofa, laza antena moja.

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi ila huchoka mapema ukutani, na ya 2.4 hufika mbali kwa kasi ndogo. Jina la Wi-Fi linaloishia na "5G" humaanisha hayo masafa ya gigahezi 5 tu, wala si 5G ya mitandao ya simu. Simu ya bibi chumba cha nyuma iunganishwe na 2.4. Kama mnakaa kwenye fleti zenye Wi-Fi nyingi, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo haziingiliani. Ruta isikae karibu na maikrowevu, inayopasha chakula kwa masafa yaleyale ya 2.4.

Ruta ya laini ndiyo yenye ugumu wa kweli. Ukiiweka katikati ya nyumba, unaihudumia njia ya pili na kuinyima ya kwanza, kwa sababu nayo inahitaji kuusikia mnara, na mnara husikika vizuri dirishani. Hapa hakuna kanuni, kuna kupima. Jaribu madirisha matatu au manne, kila moja mchana na usiku, kisha chagua lenye kasi nzuri lililo karibu zaidi na vyumba. Mwenye faiba ana bahati: fundi hajatoboa ukuta, mwambie waya unataka uishie wapi. Usipomwambia, ataumalizia pale kazi yake itakapokuwa fupi.

Na ukishajaribu yote, chumba kile bado hakipati? Wengi hununua kirudishio na kukichomeka ndani ya chumba kilichokufa, ambako nacho hakisikii kitu. Mahali pake ni katikati ya njia, ambako Wi-Fi bado ina nguvu. Na kile cha bei nafuu hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa hupokea na kurusha kwa masafa yaleyale. Sisi tungeshauri waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kifaa cha pili cha Wi-Fi karibu na chumba. Waya huo hufanya kazi hadi mita 100, haujali zege, na kwa nyumba ya mapadre au ukumbi wa parokia ndiyo dawa pekee tunayoiamini.

Kama kipimo cha mita 1 kilikuwa kibovu tangu mwanzo, hata ulipohamisha ruta dirishani, piga simu kwa kampuni ukiwa na karatasi mkononi: tarehe, saa, umbali kutoka kwenye ruta, kasi iliyoonekana, na kasi ya kifurushi unachokilipia.